Ramani Mpya Saa Tisa Alasiri: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Nyongeza za Gemu za Vita

Swali: Shikamoo kaka mwandishi. Nina kibanda cha gemu hapa Ujiji chenye PlayStation 4 mbili. Wateja wengi hucheza mpira, lakini lipo kundi la watu wazima sita au saba, wengi wao madereva wa bodaboda, ambao huja kuanzia saa tisa alasiri na kucheza Battlefield 1 kwa zamu. Diski yake niliinunua mtumba Dar es Salaam. Sasa wananibana ninunue nyongeza, yaani sehemu ya ziada ya gemu inayouzwa peke yake, iitwayo They Shall Not Pass, na wanaahidi kuja kila siku nikishaipakua. Nusu saa natoza shilingi 500. Je, ninunue?
*Mwenye kibanda, Ujiji*

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nitakupa jibu mapema ili usome yaliyobaki kwa utulivu: usinunue nyongeza hiyo peke yake, na kabla ya kununua chochote kaa mbele ya orodha ya seva, zile kompyuta za mtandaoni zinazowakutanisha wachezaji, kwa siku tatu mfululizo, saa ile ile ambayo wateja wako huja.

Nianze na kilichomo ndani, kwa sababu kwa upande huo wateja wako hawajakosea. Battlefield 1 ilitoka Oktoba 2016 ikiwa na ramani tisa, yaani viwanja vya mapigano, za kucheza watu wengi mtandaoni, na vita yake ni Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. They Shall Not Pass ilifuata Machi 2017 kwa dola 14.99, ikiwa ya kwanza kati ya nyongeza nne za kulipia. Iliwaingiza uwanjani askari wa Ufaransa, silaha mpya sita, kifaru kikubwa cha Char 2C na ramani nne: Verdun Heights, Fort de Vaux, Soissons na Rupture. Ilileta pia aina mpya ya mchezo iitwayo Frontlines, ambamo timu mbili hugombea bendera moja baada ya nyingine kwa mfuatano, hivyo watu wote husongamana mahali pamoja badala ya kutawanyika ramani nzima. Kwa maoni yangu Frontlines ndiyo mali halisi ya nyongeza hii kuliko silaha zake zote sita, maana silaha hizo hazifunguki kwa kulipa tu. Kila moja ina kazi zake ambazo akaunti inatakiwa kuzitimiza kwanza, na mtu anayecheza nusu saa kwa zamu atachukua muda mrefu kuzifikia.

Ukiingia Fort de Vaux unaliacha anga nyuma yako. Mbele kuna korido za mawe zenye giza, ngazi fupi, taa hafifu, na kila kona unaweza kumkuta mtu mwenye bunduki ya marisau akiwa hatua mbili kutoka kifuani mwako. Ngome hiyo ni ya kweli. Ilipiganiwa katika vita vya Verdun, vilivyoanza Februari 21, 1916 na kumalizika Desemba 18 mwaka huo, na Wafaransa waliokuwa ndani yake walisalimu amri Juni 7 hasa kwa sababu maji yalikuwa yamewaishia. Anayecheza humo kwa robo saa, akisikia vishindo vya juu bila kuona mbingu, hupata picha ya namna watu wale walivyofikia hatua hiyo, na ni nadra gemu ya kufyatua risasi kumfikisha mchezaji hapo. Verdun Heights ni mlima wenye msitu unaowaka moto, nao washambuliaji huupanda hatua kwa hatua. Soissons ni vijiji, mito na madaraja, mahali pa vifaru. Rupture ni eneo ambalo limekwisha kupiganiwa, maua mekundu yakiwa yameota kati ya mabaki ya vyuma.

Niongeze jambo linalotugusa sisi wa Kigoma. Mwezi mmoja na nusu hivi baada ya Vaux kuanguka, Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, meli ambayo iliinuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 na ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba. Vita hiyo ilipita mlangoni petu. Hata hivyo, katika gemu ya awali na nyongeza zake zote nne hakuna ramani hata moja ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mteja anayetarajia kuuona upande wetu mwambie mapema.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo wanunuzi wengi hulifanya, nalo ni kuhesabu. Tunasoma kwamba nyongeza ina ramani nne au tano, tunagawanya bei kwa idadi hiyo, kisha tunasema ni rahisi au ni ghali. Mwaka 2010 Call of Duty: Modern Warfare 2 iliuza nyongeza ya kwanza, Stimulus Package, kwa dola 15 ikiwa na ramani tano, lakini mbili kati ya hizo, Crash na Overgrown, zilikuwa zimetolewa katika Call of Duty 4. Aliyehesabu aliona tano, na aliyekuwa amecheza gemu ya nyuma aliona tatu. Pamoja na hayo watu waliinunua kwa mamilioni, na kwa muda ule walifaidi, kwa sababu kila ulipobonyeza kitufe cha kutafuta mchezo ulikuta watu wamejaa. Ramani ya mtandaoni hupata thamani yake kutoka kwa watu waliomo, na watu hao lazima nao wawe wameinunua. Hapo ndipo penye ugumu wa nyongeza za kulipia: kila inayotoka inawagawa wachezaji, wenye nayo upande huu na wasio nayo upande ule, na kadiri miaka inavyopita kundi la wenye nayo linapungua huku gemu ya msingi ikiendelea kuchangamka.

Hili nimelionja mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa ninakaa Mwanga, nilinunua nyongeza ya gemu moja ya vita niliyokuwa nikiipenda mno. Niliipakua usiku kucha kwa bando la simu, umeme ukakatika mara mbili, na kila uliporudi niliamka kuhakikisha upakuaji umeendelea pale ulipoishia. Kesho yake saa kumi alasiri niliketi na padi mkononi. Kwenye skrini kulikuwa na maneno ya kutafuta wachezaji na duara dogo linalozunguka. Nikachemsha chai, nikanywa, nikarudi; walikuwa wamepatikana wawili, na mechi ilihitaji kumi na wawili. Mmoja akaondoka nikiwa ninatazama. Ramani zilikuwa nzuri, nilizitembelea peke yangu nikaona kuta na mabango yake, lakini mechi kamili sikuipata hadi nilipokubali kukesha.

Sababu ya kukesha ni saa, na ndiyo inayonifanya nikutilie mkazo saa tisa alasiri ya wateja wako. Wachezaji wengi wa seva tunazoweza kuzifikia wako Ulaya, na saa zao mara nyingi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja hadi tatu kutegemea nchi na majira. Saa tisa alasiri ya Ujiji ni kati ya saa sita na saa nane mchana kule. Watu wako kazini na shuleni. Wao huanza kujaa wakishakula chakula cha jioni, na kwetu hiyo ni saa nne usiku hadi saa saba usiku, wakati ambao nadhani umekwisha kufunga mlango wa kibanda. Gemu ya msingi hustahimili pengo hilo kwa kuwa ina watu wengi, lakini nyongeza yake haistahimili kwa kiwango hicho.

Kwa hiyo fanya jaribio hili, ambalo halina gharama zaidi ya bando unalotumia kila siku. Fungua orodha ya seva ndani ya Battlefield 1, weka kichujio cha ramani, uchague zile nne tu, kisha utazame mambo mawili kwenye kila mstari: idadi ya watu waliomo kati ya nafasi zilizopo, na muda wa mawasiliano hadi kwenye seva. Andika kwenye daftari. Rudia siku ya kazi, Jumamosi na Jumapili, na mara moja ufanye hivyo usiku ili uone tofauti. Kama saa ya wateja wako hakuna hata seva moja iliyojaa nusu kwa siku zote tatu, jibu umelipata, hata kama nyongeza ingekuwa na ramani ishirini.

Ikiwa watu wapo, bado nakuomba usinunue They Shall Not Pass peke yake. Lipo toleo liitwalo Battlefield 1 Revolution, lililotoka mwaka 2017, lenye gemu ya msingi na nyongeza zote nne kwa pamoja, na mara kwa mara hupunguzwa bei hadi likawa rahisi kuliko nyongeza moja kwa bei yake ya awali. Subiri punguzo hilo. Kwa bei ya dola 14.99 utatoa si chini ya shilingi 35,000, ambazo kwa shilingi 500 kwa nusu saa ni vipindi 70, yaani saa 35 za mashine kabla hujapata faida, na hapo bado hatujahesabu umeme, bando na ada ya PlayStation Plus, ambayo PS4 huidai kwa gemu hii ili icheze mtandaoni.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua toleo kamili la kupakua, nayo inahusu diski yako ya mtumba. Nyongeza za PlayStation hufungamana na eneo la diski. Diski ya Marekani haikubali nyongeza iliyonunuliwa kwa akaunti ya Ulaya, na duka halitakuonya. Fedha itakatwa, faili litapakuliwa, na ramani hazitafunguka. Tazama jalada kwa alama ya umri wa mchezaji: likiwa na alama ya PEGI yenye namba 18 ni diski ya Ulaya, likiwa na herufi M ya ESRB ni ya Marekani. Kisha ulinganishe na nchi ambayo akaunti yako iliandikishwa. Namba hiyo 18 ina maana yake pia, nami nimefurahi kusoma kwamba wanaocheza gemu hii kwako ni watu wazima; watoto wa mpira wasiachiwe padi ile.

Jambo la mwisho kwako ni upakuaji. Ukubwa wa faili huonyeshwa dukani kabla ya kulipa, usome kabla ya kubonyeza. Kampuni za simu hutaja kasi kwa megabiti, ilhali faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mtandao wa megabiti 8 kwa sekunde unaleta megabaiti moja kwa sekunde, hivyo gigabaiti 10 zitachukua karibu saa tatu hata kama kasi haitashuka kabisa.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa chuo Tabora, nacheza Battlefield 1 yenye nyongeza zote kwenye kompyuta. Nikiwa Fort de Vaux nakufa kabla sijamwona adui, na mara nyingine nakufa nikiwa nimekwisha kujificha nyuma ya ukuta. Kwenye ramani za zamani haiwi hivi sana. Je, ramani za nyongeza zina hitilafu?
*Msomaji, Tabora*

Jibu: Ramani ni nzima, mdogo wangu. Unachokutana nacho ni umbali, nao Fort de Vaux huuanika kuliko ramani nyingine.

Mwanga ndani ya waya wa fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hula milisekunde 5 kwenda na 5 kurudi. Ukitazama ramani, Johannesburg iko kilomita 2,400 hivi kutoka Tabora, lakini data zako kwa kawaida hazikati moja kwa moja kusini. Hushuka kwanza hadi Dar es Salaam, kama garimoshi la reli ya kati, kisha huingia kwenye nyaya za baharini kama SEACOM, iliyofika mwaka 2009, au EASSy, iliyofuata mwaka 2010. Seva ikiwa Ulaya na njia nzima ikawa kilomita 10,000, mwendo peke yake unachukua milisekunde 100, kabla ya mitambo ya njiani na mawimbi ya simu kuongeza yake. Muda huo wa kwenda na kurudi ndio wachezaji huuita pingi. Adui aliye jirani na seva anapotokea konani, yeye anakuona mapema kuliko wewe unavyomwona, na unapojificha nyuma ya ukuta, kwenye skrini yake mguu wako bado uko nje.

Umbali wa hatua mbili hauna nafasi ya kufidia kuchelewa huko. Soissons inayo: adui yuko mbali, unamfuata kwa macho, una muda wa kuamua. Zingatia pia kwamba katika gemu hii pingi ikipita kiwango fulani seva huacha kufuata ulichokiona wewe na huamua yenyewe kama risasi imepata, na alama ndogo hutokea kwenye skrini. Ukiiona alama hiyo, lenga mbele kidogo ya mtu anayekimbia.

Ningekushauri uichague seva mwenyewe kwenye orodha badala ya kuiachia gemu ikuchagulie, uunganishe kompyuta kwa waya hadi kwenye ruta, na ndani ya Fort de Vaux uchukue kazi ya mganga anayefufua wenzake, kwa kuwa kufufua hakuhitaji kumwahi mtu kwenye kona. Pingi isiyoyumba ya 160 inavumilika kuliko ile inayoruka kati ya 90 na 300, maana mkono wako huizoea ile ya kwanza.

Swali: Mwanangu wa kidato cha sita anacheza Call of Duty: Mobile kwenye simu. Kila baada ya muda mfupi ananiomba fedha, akisema asiponunua msimu mpya ataachwa nje ya ramani mpya. Je, ni kweli?
*Mama, Mwanga*

Jibu: Hapana, mama. Tangu gemu hiyo ilipotoka Oktoba 1, 2019, ramani mpya hufika kwa kila mchezaji bila malipo pamoja na masasisho ya kawaida. Kinachouzwa ni mavazi ya askari, rangi za bunduki na ngazi za zawadi za kila msimu, na bunduki mpya zenyewe huwekwa pia kwenye ngazi za bure, ingawa hupatikana kwa kucheza muda mrefu. Gemu kubwa za mashine nazo zimefuata njia hiyo: Battlefield V ya mwaka 2018 na Call of Duty: Modern Warfare ya mwaka 2019 ziliacha kuuza ramani, kwa sababu ile ile niliyomweleza ndugu wa Ujiji, wachezaji kugawanyika.

Huenda kijana wako hakukudanganya, maana matangazo ya ndani ya gemu hizi huandikwa kwa namna inayomfanya mtu aamini kuwa muda unamwishia. Kaa naye, mfungue pamoja orodha ya ramani, akuonyeshe ipi imefungwa. Kisha weka nywila kwenye duka la programu ili kila ununuzi uombe idhini yako. Atakachohitaji kweli ni nafasi kwenye simu, kwa kuwa masasisho hayo ni mazito.

Swali: Nina PlayStation 3. Je, nyongeza za gemu za vita za zamani bado zinafaa kununuliwa?
*Msomaji, Kibirizi*

Jibu: Zile zinazotegemea seva zilizofungwa, hapana. Seva za Battlefield: Bad Company 2 zilizimwa Desemba 8, 2023, na za Battlefield 3 na Battlefield 4 kwa PS3 zilizimwa Novemba 7, 2024, aliyelipia ramani hizo hana tena pa kuzichezea na watu wengine.

Nyongeza inayoweza kukufaa ni ile yenye kitu cha kucheza bila mtandao, watu wawili mbele ya televisheni moja. First Strike ya Call of Duty: Black Ops, iliyotoka mwaka 2011, ina ramani nne za mtandaoni na moja ya kupambana na mazombi, Ascension, ambayo wewe na mwenzako mnaweza kuicheza skrini ikiwa imegawanywa nusu kwa nusu, hata siku ambayo bando limekwisha. Ukiipima kwa ramani nne zile sitakushauri uinunue. Ukiipima kwa Ascension, na kama una mtu wa kucheza naye nyumbani, nunua. Fedha uiingize kwanza kwenye pochi ya akaunti kwa njia nyingine, kwa kuwa tangu Oktoba 2021 duka la PS3 halipokei kadi ya benki moja kwa moja, na hakikisha akaunti hiyo na diski yako ni za eneo moja.